Nilifuata mzigo Yiwu, nikaishia kutembea juu ya tope la miaka 900 (Tuta la Su, Hangzhou)

#1 MzigoUmekwama

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Uchina, mkoa wa Zhejiang, mji wa Yiwu. Wanaokuja huku kufungasha mzigo wanaujua huu mji: soko, stoo, hoteli, soko tena. Safari hii nilikuja kwa siku nane. Siku ya tano mwenye kiwanda akanipigia: rangi ya mabegi imetoka vibaya, wanarudia, nisubiri siku nne. Nimebishana mpaka programu ya tafsiri ikaanza kutoa maneno yasiyoeleweka. Basi nikasubiri.

Siku ya kwanza nimelala. Siku ya pili nikaona nitaugua. Wazee wanasema mwenda bure si mkaa bure, nikachukua pasi yangu, nikaenda stesheni, nikakata tiketi ya treni ya mwendo kasi hadi Hangzhou. Ni chini ya saa moja tu. Nimepita Hangzhou mara sita nikielekea Yiwu, sijawahi kutoka nje ya stesheni.

Naandika kwa sababu kuna kitu nimekiona pale ambacho sijasoma mtu wetu akikieleza. Wengi tukija huku tunaandika bei za kontena. Sasa hivi niko foleni ya chakula, nikishiba naendelea.

#2 Kipara_Ngoto

Siti ya mbele. Mkuu usitufanyie kama wale wa "itaendelea" halafu wanapotea miaka miwili.

#3 Shangazi wa Mbagala

Uzi bila picha hausomeki mwanangu.

#4 MzigoUmekwama

Shangazi shikamoo. Picha zipo, mtandao wa hoteli hauzipandishi. Nitajitahidi kuchora kwa maneno.

Kituko cha kwanza: chumba nilichokilipia kwenye simu, nilipofika mapokezi wakaangalia pasi yangu, wakatikisa kichwa. Hawapokei wageni wa nje. Saa nne usiku, begi mgongoni. Binti wa mapokezi aliona aibu kuliko mimi, akanitafutia hoteli nyingine mtaa wa pili na kunisindikiza hadi mlangoni. Kwa hiyo ukitafuta chumba cha bei poa Uchina, hakikisha kwanza kama wanapokea wageni wa nje. Hela yangu ilirudi kesho yake.

Hasara hiyo ilinipa faida. Hoteli ya pili ilikuwa upande wa kusini wa ziwa, na kwa kuwa sikupata usingizi, saa kumi na moja alfajiri nilikuwa barabarani.

Ziwa lenyewe wanaliita Xihu, yaani Ziwa la Magharibi. Sio kubwa, kama kilomita za mraba 6.4, na kina chake kwa wastani ni mita mbili na ushei. Pande tatu limezungukwa na vilima, upande wa nne ndio mji. Ndani yake, kutoka kusini kwenda kaskazini, pamekatiza njia ndefu ya kilomita 2.8, maji kushoto, maji kulia, miti pande zote mbili. Hiyo ndiyo Su Di, Tuta la Su. Hakuna geti, hakuna tiketi. Hangzhou waliacha kutoza kiingilio cha mbuga za kando ya ziwa tangu 2002, na tangu 2011 mandhari yote ile ipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Unaingia kama unavyoingia uani kwako.

Miti sasa. Kuna ule wanaouita liu. Sijui kwetu tungeuitaje: matawi yake hayapandi juu, yanashuka, membamba kama nyuzi, hadi yanagusa maji, kama mwanamke aliyefumua nywele akainama kuzisuuza. Kati ya liu na liu kuna mpichi. Liu, mpichi, liu, mpichi. Nimefika mwisho wa Machi, mipichi imechanua waridi na liu zina majani mapya ya kijani kibichi kinachokaribia njano. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Jua linatokea upande wa mji, kwa hiyo maghorofa yanaanza kuonekana moja moja, kama mtu anayavua shuka.

Mimi ni mtu wa hesabu za kontena. Nilisimama.

#5 Kipara_Ngoto

"Akainama kuzisuuza." Mkuu mabegi yameharibika ndiyo ukawa malenga?

#6 WaKisumu

Swali langu, hilo tuta ni la asili ama limejengwa? Na kama limejengwa, maana yake ni barabara tu imepandwa miti. Sioni cha ajabu.

#7 MzigoUmekwama

WaKisumu, umeuliza swali lenyewe. Tulia nikupe.

Mwaka 1089 serikali ya nasaba ya Song ilimleta Hangzhou mkuu wa mji anaitwa Su Shi. Wengi wanamjua kwa jina la Su Dongpo, mshairi mkubwa. Miaka kumi nyuma alikuwa amewekwa ndani na kupelekwa uhamishoni kwa sababu ya mashairi yake, kwa hiyo sio mtu aliyekuja na sifa safi kwa wakubwa. Alikuwa amewahi kufanya kazi mji huohuo akiwa afisa mdogo, akaliacha ziwa likiwa limefunikwa sehemu ndogo tu. Aliporudi akakuta karibu nusu yake imefunikwa na magugu na tope.

Ziwa hilo ndilo lilikuwa maji ya kunywa ya mji na maji ya mashamba ya mpunga. Akamwandikia mfalme barua, na ndani yake kuna maneno ambayo Wachina mpaka leo wanayajua: kwamba Hangzhou kuwa na ziwa hili ni kama uso kuwa na macho na nyusi. Hela alizopewa hazikutosha, sehemu nyingine ikatokana na kuuza hati za utawa. Enzi hizo mtu akitaka kuwa mtawa wa Kibudha lazima awe na hati ya serikali, na hati zilikuwa na soko kama vile vibali vya kuagiza bidhaa kwetu. (Wafanyabiashara hapa mtanielewa.)

Watu wakaingia majini kung'oa magugu na kuchota tope. Sasa tope lote lile ulipeleke wapi? Ukilirundika ukingoni, mvua inalirudisha. Ukilibeba kulizungusha ziwa zima, gharama. Jamaa akasema lirundikeni katikati, mstari mmoja, kusini hadi kaskazini. Mtu aliyekuwa anazunguka ziwa nusu siku akapata njia ya mkato. Juu yake wakapanda miti, mizizi ishike udongo usirudi majini, na wakajenga madaraja sita ili maji na mashua zipite.

Kwa hiyo unachokikanyaga ni taka, mkuu. Ziwa limezibuliwa, uchafu ukarundikwa, na uchafu huo ndio watu wanaupiga picha mwaka wa 900 na zaidi.

#8 WaKisumu

Sawa, hapo umenishika. Sisi huku magugu maji yakifunga ghuba, mashua zinakwama hata wiki, na yakitolewa yanaachwa ufukoni yanaoza, mvua inayarudisha. Vile umesema tu.

#9 MzigoUmekwama

Nisikudanganye ndugu yangu, Victoria ni zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Hili langu lingeingia Ghuba ya Winam na lisionekane. Huwezi kulichota Victoria kwa vikapu.

Ila kuna sehemu ya pili ya hadithi ambayo mimi ndiyo iliyonikaa. Su alijua akiondoka magugu yatarudi. Akagawa maeneo ya kando ya ziwa kwa watu wapande ling, mmea wa majini wenye tunda gumu jeusi lenye pembe, wanalichemsha wanakula. Mkulima wa ling lazima apalilie kila mwaka, la sivyo hapati kitu. Kwa hiyo wanasafisha ziwa kwa faida yao wenyewe na kodi yao inarudi kulitunza ziwa. Na ili wasijitanue mpaka katikati, akasimamisha minara mitatu midogo ya mawe majini: mwisho hapa.

Hiyo minara ya awali haipo tena, iliyopo ilijengwa upya baadaye, enzi za nasaba ya Ming. Ukitaka kuiona sasa hivi na una noti ya yuan moja, igeuze nyuma. Ile picha ya ziwa na vijinara ndiyo hiyohiyo. Nimezishika noti hizo miaka saba nikidhani ni pambo tu.

#10 Mwanafunzi_Jinhua

Kaka mtoa mada, nimesoma hapa jirani Jinhua miaka minne, nimeenda hiyo Su Di zaidi ya mara kumi. Umeandika vizuri, lakini umeenda siku gani ya wiki? Mtu asome huu uzi halafu aende tarehe 1 Oktoba, atakuja kukutukana. Sikukuu ya taifa wiki nzima ile hutembei, unasukumwa. Mei Mosi vilevile. Ukiwa kwenye lile daraja maarufu la ziwani, linaloitwa Daraja Lililovunjika, ukiangalia mbele unaona vichwa, ukiangalia nyuma unaona vichwa.

Mvua za Juni nazo ni za kuloweka mifupa, na Julai na Agosti ni joto la kukaushia dagaa. Ila Julai ndiyo mayungiyungi yanachanua upande wa kaskazini, majani makubwa kama ungo. Chagua shida yako.

#11 MzigoUmekwama

Ilikuwa Jumatano, dogo. Na saa ile ya alfajiri wenye tuta ni wazee.

Hawa wazee ndio walionifurahisha zaidi. Mmoja anacheza taiji, yale mazoezi ya viungo ya polepole, mkono unachukua dakika nzima kufika anakoupeleka. Mwingine ana brashi ndefu kama fagio, anachovya kwenye ndoo ya maji, anaandika herufi kubwa kwenye sakafu ya mawe. Anaandika mstari wa tatu, wa kwanza umeshakauka. Nilimsimamia kama robo saa. Nikamuuliza kwa simu anaandika nini. Akaniangalia, akachovya brashi, akanipa mimi niandike. Nimeandika jina la mama yangu. Likakauka.

Halafu kindi. Wamejaa. Wanashuka kwenye mti wanakuja hadi miguuni, wamezoea karanga. Kindi wa Uchina hana adabu hata kidogo.

Madaraja kwa waliouliza kwa ujumbe binafsi, ukitokea kusini: Yingbo, Suolan, Wangshan, Yadi, Dongpu, Kuahong. Hayana ngazi, yana mwinuko tu wa kupanda na kushuka. La pili maana yake ni kufunga mawimbi, la tatu ni kutazama milima, na kweli ukisimama la tatu vilima vyote vya magharibi viko mbele yako. Karibu na Yadi kuna jiwe lililoandikwa jina la mandhari hiyo, "Alfajiri ya machipuko kwenye Tuta la Su", kwa mwandiko wa mfalme Kangxi. Ni la kwanza katika Mandhari Kumi za Ziwa la Magharibi. Wachina wanapenda sana kuhesabu vitu.

Kusini kabisa kabla ya kuanza kuna sanamu ya Su mwenyewe, nguo zinapepea. Nilimpita gizani nikidhani ni mlinzi.

#12 BintiMalindi_Muscat

Assalaam alaykum. Kaka Mzigo, nimesoma mwanzo mpaka hapa, ahsante. Nami nina maswali mawili. Mwezi ujao nakuja Yiwu na mama kutafuta vitambaa. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua lakini hataki kuambiwa. Ataiweza hiyo njia? Na chakula je, maana nasikia huo mji unasifika kwa nyama ya nguruwe yenye jina la huyo huyo mheshimiwa.

#13 Mwanafunzi_Jinhua

Waalaykum salaam dada. La chakula niachie mimi.

Ndiyo, nyama ya Dongpo ipo kila mgahawa, utaikwepa tu. Tafuta maandishi 清真, yanasomeka qingzhen, mara nyingi yanaandikwa na halali kwa Kiarabu pembeni. Vibanda vya tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou viko kila mtaa, supu ya ng'ombe, na unamuona mpishi anavyozivuta. Na mjini, mtaa wa Zhongshan, upo Msikiti wa Feniksi, mmoja wa misikiti ya kale kabisa ya pwani ya Uchina. Pembezoni mwake utapata mikate na nyama ya kondoo.

Na hili nikuongezee kwa sababu wewe ni mtu wa pwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameandika pia kuhusu mji wa Uchina anaouita Khansa, kwamba ndio mkubwa kuliko yote aliyoiona duniani, na kwamba ndani yake kulikuwa na mtaa wa Waislamu wenye misikiti na waadhini. Khansa ndiyo Hangzhou. Kwa hiyo hamtakuwa wa kwanza kutoka kule kuja huku.

#14 Kipara_Ngoto

Kumbe Kilwa na Yiwu ni njia moja toka zamani. Nadhani hata yeye mzigo wake ulichelewa.

#15 MzigoUmekwama

😂😂 Kipara wewe.

Dada Binti, kuhusu mama, shikamoo zake zimfikie. Kilomita 2.8 sio mchezo kwa magoti, lakini mabenchi ni mengi na kivuli kipo. Kuna vigari vya umeme vinavyozunguka ziwa, ukichoka unapunga mkono wanasimama, unalipa unapanda. Msianze saa nne asubuhi, muwe pale jua linapotoka. Na usimwambie ni kilomita ngapi. Mwambie ni madaraja sita.

Kabla hujasafiri unganisha kadi ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, ukiwa nyumbani. Noti wanapokea, ila muuza mahindi atahangaika kutafuta chenji mpaka yapoe.

Kaskazini ukimaliza daraja la sita unatokea barabara ya Beishan. Hapo kuna hekalu la Yue Fei, jenerali aliyeuawa 1142 na watu wa serikali yake mwenyewe. Waliomchongea, Qin Hui na mkewe, wapo pale kwa sanamu za chuma, wamepigishwa magoti, mikono nyuma. Watu walikuwa wanawatemea mate karne kwa karne, sasa kuna kibao cha kukataza. Chuki ya miaka 800 na ushei, inabidi izuiwe kwa kibao!

Kutoka hapo unafuata maji kurudi mashariki, unavuka kisiwa cha Gushan, unaingia tuta la pili, Bai Di, fupi, kama kilomita moja. Jina ni la Bai Juyi, mshairi mwingine aliyekuja kutawala hapa mwaka 822. Tuta alilojenga yeye hasa lilikuwa kwingine na lilishapotea, hili limerithi jina tu. Mwisho wake ndio hilo Daraja Lililovunjika ambalo halijavunjika. Ni zima kabisa. Hadithi yao inasema nyoka mweupe aliyejigeuza mwanamke alikutana hapo na kijana akampenda, baadaye akafungiwa chini ya mnara wa Leifeng, ng'ambo ya ziwa. Mnara huo ulianguka kweli, 1924, kwa sababu watu walikuwa wakichomoa matofali yake wakiamini yana baraka. Wa sasa ni wa 2002, una lifti, nililipa yuan 40 na sikuona kama ilistahili. Bora ukae kwenye tuta uutazame kwa mbali bure.

#16 MtuMzimaHovyo

Mnasifia miti, mimi nimekaa Guangzhou, hawa watu wakitaka barabara wanakata mti asubuhi, jioni kuna lami. Msitudanganye.

#17 Mwanafunzi_Jinhua

Mkuu, mwaka 2022 mwezi wa tano, hapohapo barabara ya Beishan, waling'oa liu saba kando ya ziwa, wakaweka maua ya waridi. Wenyeji walivyowaka mtandaoni ilibidi wahusika waombe radhi na kupanda liu nyingine siku chache baadaye. Liu saba tu. Sisemi hawakati. Nasema pale wakikata, kuna anayehesabu.

#18 Shangazi wa Mbagala

Picha.

#19 MzigoUmekwama

Shangazi zimekubali mbili. Hiyo ya kwanza yenye doa jeusi ni kindi, alikuwa anaondoka na karanga zangu. Ya pili ni jina la mama, lile "a" la mwisho lilishakauka nilipobonyeza.

Mabegi yamepita, rangi sasa ni sahihi, kesho nafunga mzigo. Uzi nauacha wazi kwa mwenye swali.

#20 BintiMalindi_Muscat

Nimerudi, wiki tano baadaye. Naandika nikiwa kwenye tuta.

Mipichi imekwisha maua, liu zimekuwa nzito, kijani tupu. Tumefika na jua kama ulivyoagiza. Nilimwambia mama ni madaraja sita. Baada ya la tatu amekaa kwenye benchi na kuna bibi wa Kichina amemkatia nusu ya chungwa. Wanazungumza nusu saa sasa, huyu Kiswahili cha Malindi, yule Kichina, na wanacheka sehemu zilezile. Kigari cha umeme kimesimama mara mbili mbele yetu, maana mama akisimulia hurusha mikono. Dereva wa pili amezima gari, naye anasikiliza.